MOTAKAA ZA ZAMANI: NAMNA YA KUCHAGUA KOILI ILIYO IMARA

Mwese ni nchi ya milima katika Mkoa wa Katavi, mashariki ya Ziwa Tanganyika. Mtu akiugua sana, au mama akishikwa na uchungu mzito, hapana budi apelekwe Mpanda mjini, na njia ni ya kupanda na kushuka. Motakaa ikizimika porini usiku, hasara si ya mwenye motakaa peke yake. Huenda ikawa roho ya mtu. Kwa hiyo twataka kuwaeleza wasomaji, hasa wazee na walimu walio na dhamana ya motakaa ya kijiji au ya shule, habari za kitu kidogo kiitwacho koili. Maneno haya yahusu motakaa za zamani za petroli, kama vile Land Rover zilizoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Motakaa za dizeli hazina koili, na zile mpya za petroli zina koili za namna nyingine.

Kazi ya koili

Betri hutoa volti 12 tu, na nguvu hiyo haitoshi kurusha cheche katika plagi. Ndani ya koili mna chuma kilichozungushiwa nyaya mbili za shaba: mmoja mnene wenye mizunguko michache, na wa pili mwembamba kama unywele wenye mizunguko maelfu. Umeme wa betri hupita katika waya mnene na kukifanya chuma kuwa sumaku. Platini zikifunguka, umeme hukatika ghafula, sumaku hufa, na kufa kwake huamsha katika waya mwembamba umeme wa volti 20,000 au zaidi. Mwingereza Michael Faraday alionyesha asili ya jambo hili mwaka 1831.

Nyaya hizo hupakwa vanishi ili zisigusane, na koili nyingi za zamani hujazwa mafuta ya kuzipoza. Adui wao ni joto. Vanishi ikiungua, au waya ukikatika ndani, koili huweza kufanya kazi vema asubuhi ingali baridi, kisha ikafa juu ya mlima ikiisha kupata moto. Ikipoa, huamka tena. Ndiyo maana koili mbovu hudanganya watu wengi.

Kwanza mjue mgonjwa

Usinunue koili kabla ya kujua kuwa ndiyo yenye kosa. Platini zilizoungua, kondensa iliyokufa, waya uliolegea, hata petroli iliyogeuka mvuke kwa joto, zote huzima injini vivyo hivyo. Motakaa ikizimika, papo hapo chukua plagi ya akiba, uivike waya mnene utokao katikati ya koili, uilaze juu ya chuma cha injini mbali na kabureta, kisha mwenzako azungushe injini. Usiishike kwa mkono. Cheche ikiwa nene na ya buluu, kosa litafute kwingine, kama vile katika petroli. Ikiwa nyembamba ya manjano, au hakuna kabisa, tazama platini, kondensa na nyaya, mwisho koili.

Koili ipatane na motakaa

Koili mbili zaweza kufanana kama mapacha, lakini moja ina omu 3 na ya pili ina omu 1.5. Ile ya omu 3 hupokea umeme wa betri moja kwa moja. Ile ya omu 1.5 ni ya motakaa zenye kizuizi, yaani waya maalum wa kupunguza umeme kabla haujafika kwenye koili. Fanya hesabu: volti 12 ukigawa kwa 3 wapata ampia 4, ukigawa kwa 1.5 wapata ampia 8. Basi ukifunga koili ya omu 1.5 pasipo kizuizi, umeme ni maradufu. Koili huchemka na platini huungua. Ukifunga ya omu 3 penye kizuizi, cheche huwa dhaifu.

Upime kabla ya kulipa

Wahenga husema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Usinunue kwa rangi wala kwa jina maarufu lililobandikwa ubavuni, maana majina hughushiwa. Nenda dukani na kipima umeme.

1. Pima kati ya misumari miwili midogo. Kwa koili isiyotaka kizuizi utazamie omu 3 hivi.
2. Pima kutoka msumari mdogo hadi tundu la katikati. Yafaa uone omu maelfu kadhaa. Kipima kisipoonyesha njia yoyote, waya umekatika.
3. Pima kutoka msumari mdogo hadi kopo la nje. Hapo pasiwe na njia kabisa.
4. Tazama kama mafuta yanavuja, au kama kifuniko kina ufa.

Ukiisha kuifunga, endesha nusu saa karibu na nyumbani, kisha upime tena ingali moto. Omu zikipanda kidogo si neno, ndiyo tabia ya shaba. Njia ikipotea kabisa, irudishe dukani.

Kuifunga na kuitunza

Koili nyingi za zamani zina alama SW na CB: SW ni upande wa swichi, CB ni upande wa platini. Penye alama za kujumlisha na kutoa, tazama kwanza betri. Ikiwa upande wa kutoa ndio uliofungwa kwenye mwili wa motakaa, alama ya kutoa iende kwenye platini. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilifungwa kinyume chake. Ukikosea, injini yaweza kuwaka, lakini cheche hupungua nguvu.

Koili ikazwe imara mbali na bomba la moshi. Tena swichi isiachwe wazi injini ikiwa imezimwa, maana platini zikiwa zimefungana, umeme hupita pasipo kukoma na kuiunguza koili.

Mwisho, koili ya zamani ikiwa bado yapimika vema hata ikiwa moto, usiitupe. Ifunge katika kitambaa, uiweke katika sanduku la vyombo. Akiba haiozi, na akiba iliyopimwa ndiyo itakayomfikisha mgonjwa Mpanda.