Usimfungie, Mlete: Kijitabu kwa Kaya za Muheza Zenye Mraibu wa Pombe au Unga

Kwa nani

Kijitabu hiki ni cha mama, baba, mke, mume, shangazi au mjomba anayeishi nyumba moja na mtu aliyeshindwa kuacha pombe au unga (heroini). Mraibu mwenyewe akikisoma tutafurahi, ila mara nyingi si yeye anayeshika ufunguo.

Usimfungie ndani

Hili ndilo jambo lililotufanya sisi wa hospitali tuandike. Kesi zinazotuumiza zaidi zinafanana. Familia imechoka. Wajomba wameitwa, kikao kimekaa, kijana au baba mtu mzima ametiwa chumba cha uani, dirisha limepigiliwa mbao na mlango umetiwa kufuli. Uji anapewa, maji anapewa, pombe hata tone hapewi. Husemwa: "Atasota siku tatu, atatoka mtu." Siku ya pili au ya tatu ndipo tunaletewa, amebanwa katikati ya watu wawili juu ya bodaboda, hajitambui. Wengine hawaletwi kabisa, tunasikia msiba tu.

Familia hizi hazina roho mbaya. Zimefanya kila zilichokijua, na zilichokijua ni kufuli. Sasa jua kingine: mtu huyu analetwa hospitali kabla hajaachishwa, siyo baada ya kuachishwa.

Pombe: kuikata ghafla kunaua

Wengi wanaamini arosto, yaani mateso ya mwili unaponyimwa ulichozoea, ni ya mateja, na kwamba mlevi akinyimwa pombe atapata hasira tu. Si kweli. Mtu anayekunywa kila siku, anayeamka mikono inatetemeka mpaka azimue, yuko hatarini zaidi akikatishwa pombe ghafla kuliko mtumia unga akikatishwa unga. Haijalishi kama ni gongo, mnazi, bia au pombe kali ya dukani. Viroba vilipigwa marufuku mwezi Machi 2017, wengine wakahamia kwenye chupa ndogo, na hatari imebaki ile ile.

Angalia mambo haya yanavyokuja. Saa chache baada ya glasi ya mwisho anatetemeka, anatoka jasho, moyo unamwenda mbio, anatapika, usingizi haupo. Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kuanguka kifafa, hata kama maishani mwake hajawahi kuanguka. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa: homa inapanda, anaokota kwenye shuka wadudu wasiokuwepo, anazungumza na watu ambao nyinyi hamwaoni, hajui kama yuko kwake au kwa jirani. Hapo nyumba nzima husema amepandwa na jini, na kufuli la pili linaongezwa. Si jini. Ni pombe iliyokatwa ghafla, na dawa yake ipo hospitali.

Dawa zenyewe si za ajabu. Ni diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa siku baada ya siku, vitamini B1, maji ya mshipani ikibidi, na muuguzi wa kumwangalia usiku. Msiende kununua diazepamu duka la dawa mkampa wenyewe. Ikikutana na pombe tumboni, mtu anaweza kulala asiamke.

Kama usafiri ni mpaka kesho asubuhi, usimnyang'anye chupa usiku huu. Anywe kiasi cha kuzuia kutetemeka, mkeshe naye, kukicha mje. Najua mashehe, wachungaji na wake waliochoka hawataipenda sentensi hii. Naiacha ilivyo. Lakini kama tayari ameanguka kifafa, ana homa au amechanganyikiwa, msingoje asubuhi wala msimpe chochote mdomoni. Gongeni kwa jirani mwenye gari.

Akiwa anarusha miguu na mikono, usimtie kijiko mdomoni. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, ngoja atulie, mbebeni.

Unga: hatari iko siku ya kumfungulia

Arosto ya unga inatisha kuitazama. Anapiga miayo, kamasi na machozi vinamtoka, tumbo linamkata, anaharisha, anatapika, mifupa inamuuma, miguu haitulii kitandani. Siku ya pili na ya tatu huwa mbaya zaidi, kisha inalegea, na kwa wengi baada ya juma hivi imepita. Mwenye afya mara nyingi hafi kwa arosto yenyewe, mradi asikaushwe na kuhara. Kwa hiyo familia huona kufuli limefaulu.

Halijafaulu. Katika siku zile za kufungiwa mwili umepoteza uzoefu wa kipimo chake. Anafunguliwa Jumamosi, nyumba imefurahi, anapewa pesa ya kunyolea. Anapita maskani, anakuta wenzake, anatumia kiasi kile kile cha zamani. Kete iliyokuwa ikimtuliza sasa inamzima pumzi. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyetoka mahabusu, gerezani au nyumba ya upataji nafuu. Majuma ya mwanzo baada ya kutoka ndiyo yanayoua.

Usimfungie. Kwa mlevi kufuli linaua ndani, kwa mtumia unga linaua nje.

Kama yuko ndani hivi sasa

Acha kusoma, mfungulie, mlete.

Muanzie wapi hapa kwetu

Watu wa miji midogo tunadhani tiba ya uraibu iko Dar es Salaam au Mirembe, Dodoma. Basi familia inachanga nauli miezi mitatu, na mtu anaharibika huku michango inakusanywa. Msianzie mbali. Anzeni zahanati au kituo cha afya cha kata yenu, au moja kwa moja hospitali ya wilaya. Mkifika, ulizeni huduma ya afya ya akili. Jina lisiwatie haya. Kuulizia huduma hiyo hakumaanishi mtu wenu ni kichaa. Wanaotibu uraibu ndio hao hao.

Kama humjui mtu hospitali, mtafute mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji chako, yule anayepita nyumba kwa nyumba. Au nenda ofisi za halmashauri, uulize afisa ustawi wa jamii. Watu wengi hudhani afisa huyu ni wa kesi za ndoa na matunzo ya watoto tu. Kazi yake ni pamoja na kumsaidia mgonjwa asiye na uwezo wa kulipa apate msamaha wa gharama, na kuzungumza na familia iliyogawanyika. Mtumieni.

Kwa simu ipo namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Haikatwi pesa. Uliza kituo kilicho karibu nawe.

Wilaya ikishindwa, itawaandikia rufaa kwenda Bombo, hospitali ya mkoa, Tanga mjini. Ombeni karatasi ya rufaa mkononi, msiondoke na maneno matupu. Mgonjwa aliyevurugika akili kwa muda mrefu anaweza kuelekezwa Lutindi, wilayani Korogwe, hospitali ya magonjwa ya akili ya kanisa la Kilutheri iliyoko milimani.

Useme nini ukifika

Wengi wanafika dirishani wanasema "anaumwa tumbo" kwa aibu. Anapewa dawa ya tumbo, anarudishwa nyumbani, usiku anaanguka. Sema hivi, bila kuzunguka: "Habari za kazi, nesi. Huyu ni mwanangu. Anakunywa gongo kila siku, miaka mingi. Mara ya mwisho kunywa ni jana jioni. Asubuhi hii anatetemeka." Saa aliyokunywa au kutumia kwa mara ya mwisho ndiyo tunayoihitaji kuliko maneno mengine yote. Kama amewahi kuanguka kifafa alipoacha zamani, sema. Kama anatumia na vidonge, sema, leta na karatasi zake. Kama yuko kwenye dawa za kifua kikuu au za VVU, sema, maana baadhi hupunguza nguvu ya methadoni, dawa ya uraibu wa unga.

Kama mmempiga, semeni pia. Hatutawazomea, ila mgonjwa mwenye jeraha la kichwa hutibiwa kwa njia nyingine.

PF3

Fomu hii ya polisi haihitajiki kwa uraibu. Hiyo ni ya majeraha.

Polisi

Hospitali si kituo cha polisi. Ukimleta mtu aliyekula unga unamleta kutibiwa, na muuguzi ana wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa. Kete ziacheni, msije nazo mfukoni "kuonyesha ushahidi". Mtu mmoja akikamatwa na kete za ndugu yake njiani, hapo hatuna la kumsaidia.

Methadoni

Nchi yetu ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, na sasa inatolewa mikoa kadhaa, Tanga ikiwemo. Ni dawa ya maji, hunywewa kituoni mbele ya mtoa huduma, kila siku, hata sikukuu na Jumapili. Inaondoa arosto na hamu ya unga, mtu akaweza kufanya kazi. Inatolewa bure. Si dawa ya pombe, si ya bangi, na akinywa pombe juu yake anaweza kukata pumzi.

Mtaambiwa vijiweni kwamba methadoni ni "unga wa serikali". Aliyesema hivyo muulizeni ni pusha gani anayepima mkojo, kifua kikuu na VVU kabla ya kuuza.

Shida ya kweli kwa sisi wa Muheza ni nauli. Kwenda Tanga na kurudi kila siku kwa miezi mingi kunavunja watu, na ndiko kunakowatoa wengi kwenye tiba. Kaeni kikao kingine sasa, kile cha wajomba, mjadili hili badala ya kufuli: nani ana chumba Mabawa, Makorora, Duga au Chumbageni, kijana akae huko miezi ya mwanzo? Shangazi mmoja aliyekubali anafaa kuliko michango ya ukoo mzima. Baadaye, akishatulia, wataalamu wanaweza kumruhusu kubeba dozi za siku chache. Dozi hizo zifungiwe mahali pa juu. Mtoto akionja, anaweza kufa. Hicho ndicho kitu pekee nyumbani kwenu tunachotaka kifungiwe.

Nyumba za upataji nafuu

Zinasaidia wengi, hasa zinazoendeshwa na waliowahi kutumia wenyewe. Si hospitali, na si zote ni njema. Kabla hujalipa, nenda uingie ndani. Uliza usajili. Uliza mgonjwa wa arosto hupelekwa hospitali gani. Tazama kama kuna mnyororo, kama kuna kiboko, kama vijana wanaruhusiwa kuongea nawe bila msimamizi. Ukiambiwa "hapa ndugu hawaruhusiwi kumwona miezi mitatu", geuka. Ukiambiwa "hapa tunampiga kufuli mpaka arosto iishe", geuka mbio. Mlevi wa kila siku asipelekwe huko kabla hajapitia hospitali. Kufuli ni kufuli hata likiwa na risiti.

Waganga na maombi

Sala hatuikatazi. Muombeeni akiwa kitandani wodini, sio akiwa amefungwa kamba kwenye nguzo.

Mwanamke anayetumia

Wanafichwa kuliko wanaume na wanaletwa wamechelewa kuliko wanaume. Mjamzito anayetumia unga asiachishwe ghafla nyumbani. Mimba inaweza kutoka. Methadoni hutolewa kwa wajawazito. Aje kliniki ya wajawazito, aseme ukweli kwa nesi mmoja anayemwamini. Mama mkwe asije naye chumbani.

Bangi na mirungi

Hazina dawa maalumu. Kuna ushauri nasaha. Anayesikia sauti au anayeona kila mtu anamfuatilia aletwe siku hiyo hiyo.

Akizidisha

Haamki ukimwita, ukimtikisa wala ukimfinya. Anakoroma kwa namna ya ajabu au pumzi zinapishana mbali. Midomo na kucha vinageuka kijivu. Mpulizieni pumzi mdomoni kama hapumui, mlazeni ubavu akiwa anapumua, mleteni bila kumwacha peke yake hata dakika. Hospitali kuna sindano ya naloksoni inayoondoa nguvu ya unga, na ikishapita kazi yake anaweza kuzama tena, kwa hiyo msimtoroshe akifumbua macho.

Msimpe maziwa. Msimmwagie ndoo ya maji. Msimdunge maji ya chumvi kama wanavyofanya maskani. Msimwache "alale itoke". Na kwa mara nyingine: wanaozidisha wengi ni wale waliokuwa wameacha kwa muda, wakiwemo waliofunguliwa juzi.

Akirudia

Wengi hurudia, wengine zaidi ya mara moja, na bado baadaye wakaacha. Usimwambie "umenitia hasara". Usilete tena fundi wa kupigilia mbao. Mlete wewe mwenyewe, siku ile ile uliyomwona amerudia, hata kama ni usiku na hata kama ananuka gongo. Wodi ya dharura haifungwi, na hatutakuuliza kwa nini umerudi.