Kabla hujalipia kipimo cha mzio wa macho

Mdogo wangu, wewe unayefikicha macho tangu asubuhi huku ukiuliza kipimo cha mzio ni bei gani, hebu tulia. Kipimo cha kwanza ni maswali tu. Macho yanawasha au yanauma? Yote mawili? Hali inazidi ukifagia, au ukilala na paka? Kwenu kuna mwenye pumu? Mzio huwasha. Jicho moja linalouma na kukataa mwanga ni kesi nyingine, usikae nalo nyumbani.

Kisha daktari wa macho atakuambia uweke kidevu kwenye mashine, akumulike, akupindue kope la juu. Usishtuke, ni karaha zaidi kuliko maumivu. Anatafuta vipele vya ndani ya kope. Kwa watoto, hasa wa kiume, vinaweza kuwa vikubwa, bapa, vimebanana kama mawe ya sakafu. Mara nyingi jibu linapatikana hapo hapo, na hela yako bado iko mfukoni.

Kipimo cha ngozi ni cha kutafuta kinachokuchokoza: utitiri wa vumbi, mende, chavua, paka. Unadondoshewa matone kwenye mkono, upande wa ndani, kila tone linachomwa kidogo, mnasubiri dakika 15 hadi 20. Panapovimba milimita 3 au zaidi kupita pale palipowekwa maji ya chumvi, pana jambo. Ila kama juzi ulimeza setirizini, ile dawa ya mzio, umekwenda bure, ngozi itanyamaza. Muulize daktari uiache lini. Kwa kawaida ni karibu wiki nzima kabla. Asiyeweza kuiacha apimwe damu, maana kipimo hicho hakijali vidonge, ingawa bei yake si ya mchezo.

Na jamani, ngozi kuvimba kwa mende haimaanishi mende ndiye anayekuwasha macho. Tena wapo watoto wenye mzio mkali wa macho ambao ngozi yao haionyeshi chochote.

Kinachonikera mimi ni matone ya steroidi yanayonunuliwa bila cheti. Siku mbili tatu macho meupe pe, unayasifia hadi kwa majirani, kumbe ukiyazoea yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Ukienda kupimwa, beba hicho kichupa hata kama kimeisha, hata ukiona haya, ili daktari akupime na presha ya macho siku hiyo hiyo.