Ng'ombe wa Kwanza wa Bibi

Familia kadhaa hapa shuleni zinachanga pesa za kumnunulia bibi ng'ombe wa kwanza, kwa hiyo somo la leo ni ng'ombe. Watoto, kumbukeni ni mnyama: tunasema "ng'ombe mkubwa amelala", si "ng'ombe kubwa imelala".

Tuchukue mfano wa Kilimanjaro, kule milimani. Nyumba imezungukwa na migomba na hakuna pa kuchungia, hivyo ng'ombe hukaa bandani na kuletewa majani. Yule mweusi na mweupe mnayemwona kwenye picha za maziwa dukani ni Friesian. Maziwa anatoa mengi, lakini anaweza kula kilo 50 za majani mabichi kwa siku na kunywa ndoo tatu au nne za maji. Nani atabeba? Ulizeni hilo kabla ya bei na kabla ya lita. Mara nyingi ni bibi mwenyewe, mzigo kichwani, kutoka bondeni. Mimi ni muuguzi, migongo hiyo naijua.

Jersey ana mwili mdogo, hula kidogo, na maziwa yake yana mafuta mengi. Chotara, aliyechanganya damu ya kienyeji na ya kisasa, hatoi lita nyingi kama Friesian ila ni mvumilivu zaidi. Kwa bibi anayeishi peke yake ningechagua mmojawapo kati ya hawa wawili, na awe mmoja tu.

Neno jipya: mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Mtamba mwenye mimba ni mwanzo mzuri. Kabla hamjatuma pesa, mtu amwangalie: macho maangavu, miguu imara, chuchu nne zote nzima. Aulize kama anaogeshwa dawa ya kupe, maana ndigana kali huua haraka. Bwana mifugo ampime pia ugonjwa wa kutupa mimba, ambao binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi. Maziwa yachemshwe, hata babu akilalamika kwamba yamepoteza ladha!

Zoezi: mpigieni bibi simu, mwamkieni, kisha mwulizeni kwa Kiswahili: Majani yatatoka wapi? Ukiugua, nani atakamua? Bwana mifugo yuko mbali? Andikeni majibu, myalete Jumamosi. Na mwulizeni ng'ombe wa jirani anaitwa nani.