Kiyoyozi na Maji Yaliyomo Hewani

Mwezi Februari, pepo za kaskazi zinapolegea, mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa huamka amelowa jasho, ingawa kipimajoto cha ukutani hakionyeshi zaidi ya nyuzi 28 za Selsiasi. Mkazi wa Dodoma, katika ukavu wa Oktoba, aweza kuketi kivulini kwenye nyuzi 31 bila taabu kubwa. Tofauti imo katika unyevu. Mwili hujipoza kwa kukausha jasho, na hewa iliyokaribia kushiba mvuke hulikausha polepole mno. Asiyelielewa jambo hili hawezi kutumia kiyoyozi kwa busara, kwani hudhani amenunua mashine ya kutengeneza baridi.

Kwa kweli hakuna mashine itengenezayo baridi. Kiyoyozi huhamisha joto tu. Ndani ya chumba, kimiminiko maalumu hugeuka gesi katika mabomba membamba na kufyonza joto la hewa ipitayo juu yake. Kisha kompresa huigandamiza gesi hiyo, joto likatupwa nje, nayo ikarudi kuwa kimiminiko. Mvuke wa hewani ukigusa mabomba hayo ya baridi hugeuka matone, kama umande. Na kukausha hewa ndiyo kazi iliyoizaa mashine yenyewe. Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, aliibuni kwa ajili ya kiwanda cha kupiga chapa huko Brooklyn, ambako karatasi zilitanuka na kusinyaa kwa unyevu hata rangi zikakosa mahali pake. Starehe ya watu ilifuata baadaye.

Hesabu kidogo itaonyesha uzito wa jambo hili. Chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3 kina mita za ujazo 48 za hewa. Katika nyuzi 30, na unyevu wa asilimia 75, kila mita ya ujazo hubeba gramu 23 hivi za mvuke. Katika nyuzi 24, na unyevu wa asilimia 60, hubeba gramu 13. Hivyo karibu nusu kilo ya maji imeondolewa. Kila kilo ya mvuke inapogeuka maji hutoa joto fiche la kilojuli 2,400 hivi. Kwa chumba hiki ni kilojuli 1,150. Kuipoza hewa yenyewe kwa nyuzi 6 ni kuondoa kilojuli 340 tu. Maji, basi, yanadai zaidi ya mara tatu ya hewa, nayo huingia upya kupitia kila mwanya chini ya mlango na kila kioo cha dirisha kisichofunga sawasawa. Anayeanika nguo mbichi chumbani mashine ikiwaka anajilipisha mara mbili.

Joto jingine hupenya kuta na paa, kwa kadiri ya tofauti kati ya nje na ndani. Nje kukiwa na nyuzi 31, anayetaka nyuzi 21 hupambana na tofauti ya nyuzi 10. Anayeridhika na 26 hupambana na 5, yaani nusu. Na kuteremsha kipimo hadi 16 hakukipozi chumba upesi zaidi kwa mashine ya kawaida ya kasi moja. Ni kuichelewesha kuzima. Nyuzi 26 pamoja na pangaboi linalozunguka taratibu humtosha mtu aliyelala. Pangaboi hula wati 60 au 70, kiyoyozi cha chumba kidogo wati 1,000 hivi.

Kwa upande wa afya, wengi hawajui kwamba kiyoyozi cha ukutani cha nyumbani kwa kawaida hakiingizi hewa mpya. Huzungusha ile ile, pamoja na pumzi na vikohozi vya waliomo. Yafaa madirisha yafunguliwe kila asubuhi, na chujio lioshwe kila baada ya wiki chache, kwani vumbi likichanganyika na unyevu huotesha kuvu. (Ugonjwa wa mapafu uliozuka katika hoteli moja ya Philadelphia mwaka 1976 ulihusishwa na mitambo mikubwa ya kupoza kwa maji, isiyo kama hii ya nyumbani.)

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi jaribio rahisi. Ndoo iwekwe chini ya bomba litoalo maji ya kiyoyozi usiku kucha, na asubuhi maji yapimwe. Yakiwa lita 6, joto fiche lililoondolewa ni kilojuli 14,400. Uniti moja ya umeme ni kilojuli 3,600, hivyo hizo ni uniti 4 za joto. Kwa kuwa kiyoyozi cha kawaida huhamisha takriban uniti 3 za joto kwa kila uniti ya umeme, kukausha hewa peke yake kumegharimu uniti moja na theluthi. Usiku wa pili, hali ya hewa ikiwa ile ile, mwanya wa mlango uzibwe kwa kitambaa, na ndoo ipimwe tena.