Mkimbiaji Mpya na Namna ya Kukanyaga

Kijana aanzaye kujifunza mbio hupewa mashauri mengi. Mmoja humwambia akanyage kwa vidole. Wa pili humwambia avue viatu. Wa tatu humwambia atupe miguu mbele apate hatua ndefu. Akiyafuata yote, baada ya majuma machache huonekana akichechemea, na huenda akaacha mbio kabisa akidhani kwamba hakuumbiwa mchezo huo. Yafaa basi kujua lililo muhimu.

Kwa habari ya viatu, mfano wa Abebe Bikila wa Ethiopia watosha. Mwaka 1960, mjini Roma, alishinda marathoni ya Olimpiki bila viatu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 1964, mjini Tokyo, alishinda tena, naye amevaa viatu. Nguvu yake ilikuwa katika mwili uliozoezwa.

Kwa habari ya wayo, wataalamu wamechunguza jambo hili hapa Kenya. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wakimbiaji wa Bonde la Ufa waliokua bila viatu mara nyingi hutanguliza sehemu ya mbele ya wayo. Lakini uchunguzi mwingine wa mwaka 2013, uliofanywa kati ya Wadaasanach wa kaskazini, ambao nao hutembea bila viatu, ulionyesha kwamba wengi wao hutanguliza kisigino wanapokimbia kwa mwendo wa kiasi. Hakuna basi kanuni moja iwafaayo watu wote.

Lililo muhimu zaidi ni mahali mguu unapotua. Ukitua mbali mbele ya mwili, goti likiwa limenyooka, hufanya kazi ya breki: mwendo hupungua, na kishindo hupanda hadi gotini na nyongani. Mguu hauna budi kutua karibu na mwili, goti likiwa limekunjwa kidogo.

Mwanafunzi wa mbio na afanye hivi:

Kwanza, asimame wima, macho yakitazama mbele, mabega yakiwa yamelegea, wala asikunje ngumi kwa nguvu.

Pili, afupishe hatua na kuziongeza hesabu. Kama kwa dakika moja hupiga hatua 160, na ajaribu 168 bila kuongeza mwendo. Badiliko dogo kama hili hupunguza mzigo wa goti.

Tatu, asikilize nyayo zake. Kishindo kikubwa ni dalili kwamba anakanyaga kwa nguvu kupita kiasi.

Nne, asibadili ukanyagaji wake kwa ghafula. Atangulizaye vidole huupa mzigo mkubwa mshipa mnene wa nyuma ya kisigino, pamoja na misuli iliyo juu yake. Atakaye kujaribu, au kuvua viatu, na aanze kwa dakika chache tu, mahali pa nyasi, kisha aongeze kidogo kidogo kwa muda wa miezi.

Uchovu wa misuli upoao baada ya siku moja au mbili si jambo la kuogopesha. Lakini maumivu ya mahali pamoja juu ya mfupa, yazidiyo kila akimbiapo, yasivumiliwe. Mkimbiaji apumzike na kumwona daktari. Mwenda pole hajikwai.