Samaki wa Baruti: Namna ya Kumtambua na Sababu ya Kumkataa



Fungu la vibua linalouzwa jioni Mbagala, Tandika au Tegeta limepita katika mikono mingi kabla ya kukufikia. Lilitoka kwa mvuvi, likanadiwa dikoni, likachukuliwa na mchuuzi, kisha likapangwa mezani. Wewe ndiye wa mwisho katika mlolongo huo, na fedha yako ndiyo inayowalipa wote waliotangulia. Katika somo hili tunaeleza namna ya kumtambua samaki aliyeuawa kwa baruti, na kwa nini kumkataa kunalinda mfuko wako na bahari yako kwa pamoja.

Baruti hufanya nini chini ya maji

Baruti inapolipuka baharini, mshindo wake hupasua kibofu cha hewa kinachomsaidia samaki kuelea, hukata mishipa ya damu na huvunja uti wa mgongo. Baadhi ya samaki huelea wakaokotwa. Wengine wengi huzama na kuozea huko huko. Pamoja nao hufa vifaranga na viumbe wengine ambao hawana faida yoyote kwa mvuvi.

Hasara iliyo kubwa zaidi ni ya matumbawe. Matumbawe hujengwa na wanyama wadogo sana wanaoacha chokaa, tabaka juu ya tabaka. Aina nyingi zinazojenga mwamba imara hukua kwa takriban sentimita 1 tu kwa mwaka. Miamba hiyo inachukua chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari duniani, lakini karibu robo ya aina zote za viumbe wa baharini huitegemea katika kipindi fulani cha maisha yao. Humo ndimo changu, chewa, pono na kamba kochi wanamojificha na kupata chakula. Mlipuko mmoja hugeuza mwamba wa miaka mingi kuwa kokoto. Kokoto hizo huviringishwa na mawimbi, na matumbawe machanga hayapati mahali imara pa kushika ili kuanza upya.

Mbele ya pwani ya Msasani na Kunduchi vipo visiwa vya Bongoyo, Mbudya na Pangavini, pamoja na Fungu Yasini, ambavyo vilitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975. Samaki wanaokulia katika miamba ya namna hiyo hawakai hapo daima. Huenea katika maji ya jirani na kuwafikia wavuvi wa mshipi, madema na nyavu halali.

Kwa nini doria pekee hazitoshi

Uvuvi wa baruti umekatazwa kisheria nchini mwetu tangu mwaka 1970, na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 iliendeleza katazo hilo. Katika miaka ya 1990 operesheni zilizoshirikisha Jeshi la Wanamaji zilipunguza milipuko kwa kiasi kikubwa. Doria zilipolegea, milipuko ilirudi. Mwaka 2015 watafiti walisafiri kando ya pwani ya Tanzania Bara wakiwa na vinasa sauti vya chini ya maji. Katika siku 31 walinasa milipuko 318, na zaidi ya nusu yake ilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Miaka iliyofuata, juhudi za pamoja za vyombo vya Serikali ziliipunguza tena.

Historia hiyo inatufundisha jambo moja. Boti ya doria haiwezi kuwa kila mahali kila siku, lakini soko liko wazi kila siku. Milipuko mingi ilisikika karibu na jiji kwa sababu jijini ndiko waliko wanunuzi. Samaki wa baruti akikosa mnunuzi, hatari anayoingia mvuvi huyo, ya kufungwa au kupoteza mkono, haitakuwa na malipo.

Mkague samaki kabla ya kulipa

Tunashauri ufuate hatua hizi:

1. Mshike. Samaki mbichi aliyevuliwa kwa njia halali huwa na mwili imara. Wa baruti hulegea, na mgongo wake huweza kupinda kana kwamba hauna mfupa.
2. Mtazame macho na matamvua. Damu iliyovilia ndani ya jicho au kutoka katika matamvua ni dalili ya kutilia shaka.
3. Omba apasuliwe mbele yako. Dalili zilizo wazi zaidi zimo ndani: damu iliyojaa tumboni, kibofu kilichopasuka, matumbo yaliyochanika, na uti wa mgongo uliovunjika au kuachana na nyama.
4. Usihukumu kwa dalili moja. Samaki aliyechina hulegea pia, na aliyevutwa kutoka kina kirefu huweza kutokeza macho. Dalili mbili au tatu zikikutana, mwache.

Samaki wa kukaanga na aliyekaushwa haonyeshi dalili hizi kwa urahisi. Kwa hiyo, muulize muuzaji amemnunua diko gani, na ujenge mazoea na yule anayejibu bila kusita.

Tunafahamu kwamba kwa familia nyingi fungu la bei nafuu ndilo linalowezekana. Hata hivyo, damu na uchafu wa matumbo vinapovuja ndani ya nyama, samaki huharibika mapema. Ukilazimika kutupa nusu ya fungu, unafuu wa bei umekwisha.

Ukimtilia shaka

Usigombane na muuzaji. Huenda naye aliuziwa bila kujua. Mrudishie samaki wake kwa adabu na umweleze sababu. Kisha toa taarifa kwa ofisa uvuvi wa manispaa yako au kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi kilichopo dikoni. Taja mahali, siku, saa na aina ya samaki. Ukisikia mshindo baharini, toa taarifa vivyo hivyo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mwamba uliovunjwa kwa baruti hauoti upya haraka?
2. Taja dalili tatu za samaki wa baruti zinazoonekana baada ya kumpasua.
3. Samaki unayemla nyumbani huvuliwa wapi? Ikiwa hujui, tunakuomba umuulize muuzaji wako utakapokwenda sokoni tena.