Chungu, Sanduku na Kikasha: Somo la Kupanga Barua Pepe

1. Utangulizi

Barua pepe ni chombo cha lazima kwa mwanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Ikisiri za makongamano, sura za tasnifu zilizosahihishwa na data ya nyanjani hupitia humo. Hata hivyo, wengi huisoma kwenye simu au kivinjari pekee. Programu ya barua inayowekwa ndani ya kompyuta, kwa mfano Thunderbird, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004, huwa ngeni kwao. Makala haya yanaeleza namna ya kuiandaa na kuipanga programu ya aina hiyo. Aidha, yanaonyesha kwamba neno la kawaida, 'kupakua', laweza kumpotosha mtumiaji asiyejua kinachotendeka nyuma ya kioo.

Mfano utakaotumiwa ni wa Kamere, makazi yaliyo kusini mwa Ziwa Naivasha katika Kaunti ya Nakuru. Wakazi wake, wakiwemo wafanyakazi wa mashamba ya maua na wavuvi, wametoka sehemu nyingi za Kenya, na Kiswahili huwaunganisha. Mahali kama hapo humvutia mtafiti wa isimujamii. Basi na achukuliwe mwanafunzi aliyepanga chumba Kamere kwa miezi miwili. Anarekodi mazungumzo, anayanukuu, kisha anamtumia msimamizi wake chuoni. Msimamizi naye humrudishia maoni.

2. Kupakua: neno moja, matendo mawili

Kabla ya kuwa istilahi ya kompyuta, 'kupakua' kulikuwa kutoa chakula chunguni au kushusha shehena chomboni. Katika maana zote mbili, kinachopakuliwa huhama: sahani ikijaa, chungu hupungua. Barua pepe haifuati kanuni hiyo daima, kwa kuwa huletwa kwa taratibu mbili.

Utaratibu wa kwanza ni POP, ulioasisiwa mwaka 1984. Jina lake lenyewe limetokana na ofisi ya posta, nao hufanana na desturi ya sanduku la posta nchini Kenya. Mwenye sanduku Naivasha, msimbo 20117, huenda mjini, hulifungua, huchukua barua zake na kurudi nazo nyumbani. Sanduku hubaki tupu. Vivyo hivyo, POP katika umbo lake la asili huleta barua kwenye kompyuta na kuiondoa kwenye seva. Hapa neno 'kupakua' linafaa kabisa.

Utaratibu wa pili ni IMAP, uliobuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986. Kwa IMAP barua hukaa kwenye seva, na kompyuta huonyesha sura yake tu, hata kama imehifadhi nakala ya kusomwa bila mtandao. Chungu hakipungui. Lakini kitu kikifutwa kwenye kompyuta, hufutwa pia kwenye seva na kwenye simu.

Hatari iko hapo. Mwanafunzi wa Kamere anayetumia POP bila kuacha nakala kwenye seva, kisha kompyuta yake ikaibwa, hupoteza barua zote alizopokea. Anayetumia IMAP naye, akidhani kwamba 'ameshapakua', hufuta rekodi ili kupunguza mzigo kwenye seva, kumbe anafuta asili yenyewe. Wote wawili wamelielewa neno sawasawa. Wasichokijua ni utaratibu.

3. Hatua za kuandaa

(a) Mtumiaji aingize jina lake, anwani na neno la siri. Kwa akaunti za kibinafsi za Google, tangu Mei 2022 neno la siri la kawaida pekee halitoshi; programu humfungulia mtumiaji ukurasa wa Google ili atoe idhini.

(b) Achague IMAP ikiwa anasoma barua kwenye vifaa zaidi ya kimoja. Akichagua POP, ahakikishe ameweka alama kwenye chaguo la kuacha nakala kwenye seva.

(c) Akilazimika kujaza mipangilio mwenyewe, mlango wa IMAP iliyolindwa kwa usimbaji ni 993, na wa POP ni 995. Kutuma ni kazi ya SMTP, kwa mlango 465 au 587. Barua zikiingia lakini zisitoke, sehemu ya kuchunguzwa kwanza ni hii ya SMTP.

(d) Anayenunua data kidogo kidogo akumbuke kwamba kiambatisho husimbwa kabla ya kutumwa na kuongezeka kwa takriban theluthi moja: rekodi ya megabaiti 6 husafiri ikiwa na megabaiti 8 hivi.

4. Kupanga kikasha

Kikasha ni mahali pa kupokelea. Barua iliyokwisha kushughulikiwa ipelekwe kwenye kabrasha lake. Kwa mtafiti, makabrasha manne yanatosha kuanzia: Msimamizi, Data, Makongamano na Utawala. Mengi zaidi huwa kichaka kingine cha kupotelea.

Baada ya hapo ziundwe kanuni za kuchuja. Kichujio kimoja chaweza kuamuru kwamba kila barua kutoka kwa msimamizi iingie katika kabrasha la Msimamizi na kuwekewa nyota. Kichujio husoma herufi, wala hakisomi maana. Mada ikiandikwa leo 'rekodi' na kesho 'sauti', barua ya pili itapita pembeni. Kwa hiyo mtafiti achague istilahi moja na kudumu nayo, kwa mfano: 'Data Kamere 07, wavuvi'.

5. Akiba

IMAP si akiba. Barua muhimu zinakiliwe kwenye makabrasha yaliyo ndani ya kompyuta yenyewe, kisha nakala nyingine iwekwe kwenye diski ya nje inayotunzwa mahali tofauti. Kitendo kiwe kunakili. Kuhamisha huondoa barua kwenye seva.

6. Hitimisho

Waundaji wa istilahi hawakukosea walipochagua 'kupakua'. Sitiari hiyo ilimpa mzungumzaji mlango wa kuingilia jambo jipya. Hata hivyo, sitiari hubeba mantiki ya ulikotoka, na mantiki hiyo huweza kukiuka kazi ya chombo. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha istilahi za kompyuta afundishe pamoja nazo utendaji wa kitu kinachotajwa. Gharama ya kutofanya hivyo yaweza kuwa miezi miwili ya mazungumzo ambayo hayawezi kurekodiwa tena.

Maswali ya marudio

1. Kwa kurejelea POP na IMAP, jadili kufaa kwa istilahi 'kupakua'.
2. Pendekeza kitenzi cha Kiswahili kinachoeleza kazi ya IMAP, na utetee pendekezo lako.
3. Unda vichujio vitatu vya kikasha chako na ueleze msamiati wa mada utakaovitegemeza.